Kipigo cha UMBC: Tony Bennett alifanya nini na wale vijana wake

Tarehe 16 Machi 2018, Charlotte, North Carolina, timu ya University of Virginia ilipigwa 74-54 na UMBC, kile chuo cha Maryland kilichopo Baltimore County ambacho watu wengi hata Marekani kwenyewe walikuwa hawajui kina timu ya kikapu. Kwa asiyefuatilia mpira wa vyuo hayo ni matokeo tu kama mengine, ila subiri. Mashindano ya NCAA ya wanaume, yaani ya ubingwa wa taifa wa vyuo vya Marekani, yalifika timu 64 mwaka 1985, na tangu hapo kila kanda namba 1, yule anayepewa nafasi kubwa kuliko wote, anaanza na namba 16, yule wa mwisho kabisa, na mpaka jioni ile namba 1 na namba 16 walikuwa wamekutana mara 135 na namba 1 kashinda zote 135. Na Virginia hawakuwa namba 1 wa kanda yao tu, walikuwa namba 1 wa mashindano yote. Sasa hawa ndo wakawa wa kwanza kuangukia pua, tena kwa tofauti ya pointi 20. (Kwa wanawake ilishatokea zamani, Harvard walimtoa Stanford 71-67 mwaka 1998, huwa watu wanaisahau sana hiyo na sipendi wanavyoisahau.)

Mwaka mmoja na wiki chache baadaye kocha yuleyule wa Virginia, Tony Bennett, na karibu vijana walewale walibeba ubingwa wa taifa. Kisa hiki kimesimuliwa mpaka kimekuwa kama hadithi ya kutia moyo, na mi naona kusimuliwa huko kumefuta sehemu zake za maana, yaani kocha alibadilisha nini hasa uwanjani, alikataa kubadilisha nini, na aliwafanyia nini vijana wa miaka 20 ambao dunia nzima ilikuwa inawacheka kwenye simu zao. Kwangu jibu lipo hivi: mfumo wake wa ulinzi aliuacha kama ulivyo, akaongeza njia moja mpya ya kushambulia, halafu kile kipigo akakiweka mezani mbele ya kila mtu mwaka mzima badala ya kukifukia. Hilo la mwisho ndo gumu kuliko yote na ndo makocha wengi wanalikimbia.

Tuanze na yeye mwenyewe. Tony Bennett ni mtoto wa kocha, baba yake Dick Bennett ndiye aliyeipeleka Wisconsin kwenye nne bora, yaani nusu fainali ya NCAA, mwaka 2000, na ndiye anayehesabiwa kuwa mwenye mfumo wa ulinzi unaoitwa paki-laini (pack line kwa Kiingereza). Tony alicheza chini ya baba yake pale Green Bay, alikuwa mshutaji hatari wa pointi tatu, akaenda NBA kucheza na Charlotte Hornets, halafu akawa kocha Washington State kisha Virginia kuanzia 2009. Kwahiyo alipigwa kile kipigo kwenye mji uleule aliochezea kama mchezaji wa kulipwa.

Paki-laini kwa ufupi: mlinzi mmoja anambana mwenye mpira, wengine wanne wanarudi ndani kidogo, kama wamejipanga kwenye mstari wa kufikirika mbele ya mstari wa pointi tatu, wanaziba njia za kupenya. Hawakimbizani kuiba pasi huko nje. Wanakwambia shuti kutoka mbali huku mtu anakujia mbio usoni, na ukikosa, ribaundi, yaani mpira unaodunda kutoka kwenye ring, ni yetu. Ni ulinzi wa uvumilivu na unataka watu watano wanaoaminiana, maana mmoja akichelewa nusu hatua ukuta wote unapasuka. Msimu ule wa 2017-18 Virginia waliruhusu wastani wa kama pointi 54 tu kwa mechi, hakuna timu ya daraja la kwanza iliyowazidi. Mchezaji wao Isaiah Wilkins alichaguliwa mlinzi bora wa ligi yao ya ACC. Na kumbuka mwanzo wa msimu hawakuwemo hata kwenye 25 bora za nchi, wakaja kushinda ligi kwa 17-1, yaani ushindi 17 na kipigo kimoja, na mashindano ya ACC juu yake, wakaingia Machi, mwezi wa mashindano ya NCAA, wakiwa 31-2.

Upande wa pili wa sarafu ni kwamba Virginia walikuwa wanacheza taratibu mno. Saa ya kushuti vyuoni kwa wanaume ni sekunde 30 na wao walikuwa wanaitumia karibu yote. Hapa ndipo hoja ya wakosoaji ilipokuwa na nguvu na lazima tuipe heshima yake. Mechi ya taratibu ina mashambulizi machache, na mashambulizi yakiwa machache yule mnyonge anapata nafasi zaidi, maana ubora hauna muda wa kutosha kujionyesha, akibahatika dakika kumi tu mechi inageuka. Mwaka mmoja kabla, 2017, Virginia walipigwa 65-39 na Florida kwenye mashindano hayohayo, pointi 39! Na mwaka 2016 waliongoza vizuri dhidi ya Syracuse kwenye mechi ya kwenda nne bora wakaiachia. Kwahiyo UMBC ilipotokea watu walikuwa na maneno tayari mdomoni: mfumo huu unashinda Januari, Machi haufai.

Sasa mechi yenyewe. Siku chache kabla, Virginia walimkosa De'Andre Hunter, kavunjika kifundo cha mkono wa kushoto. Hunter alikuwa anatokea benchi, alikuwa mchezaji bora wa akiba wa ACC, na ukisikia akiba unaweza ukadhani si kitu, ila yeye ndiye alikuwa mtu wao mrefu mwenye miguu myepesi, anaweza kumkaba gadi, yule mfupi anayeongoza mpira huko nje, na anaweza kumkaba mtu wa chini ya ring, na kwenye ofensi, yaani kushambulia, ndiye aliyeweza kuchukua mpira na kujitengenezea kikapu pale mipango inapokwama. Weka hiyo akilini.

Hafu taimu ilikuwa 21-21. Mwendo wa Virginia kabisa huo, kila mtu akasema sawa, watawachosha kipindi cha pili. Haikuwa hivyo. UMBC walitoka chumbani wakaanza kushuti zinaingia, pengo likafunguka haraka mno kabla Virginia hawajajipanga, na hapo ndipo ugonjwa ulipoonekana: hii timu haikuwa na njia ya kufukuza pointi. Ukizoea kuongoza kwa sita na kuua mechi polepole, ukijikuta umeachwa kwa 14 huna gia nyingine. Wakaanza kushuti kwa haraka mitupo ambayo siyo yao, wakamaliza wameingiza mashuti ya pointi tatu 4 kati ya 22. UMBC waliingiza 12 kati ya 24. Mchezaji wao Jairus Lyles alifunga 28, 23 kati ya hizo kipindi cha pili peke yake. Na kile kijana kifupi K.J. Maura, futi 5 na inchi 8, alikuwa anateleza katikati ya walinzi bora wa nchi kama wapo mazoezini. UMBC walifunga pointi 53 ndani ya dakika 20, karibu sawa na zile Virginia walizozoea kuruhusu mechi nzima.

UMBC nao walijua wanachofanya, nasisitiza hili kwasababu kila uchambuzi unawafanya kama bahati mbaya iliyomkuta Virginia. Timu hiyo Januari ya msimu ule ilishapigwa na Albany kwa pointi 44, lakini kocha wao Ryan Odom aliipanga vizuri sana jioni ile, walisambaa, wakawatoa walinzi wa ndani nje, wakapenya pale ambapo angekuwepo Hunter. Na Odom mazingira ya Virginia aliyajua tangu utotoni, baba yake Dave Odom aliwahi kuwa kocha msaidizi palepale.

Nikipima sababu zote, mi naweka hivi. Kumkosa Hunter kuliondoa ile bima. Mwendo wa taratibu ulimpa mnyonge nafasi. Hizo mbili zinaeleza kwanini mechi ilikuwa karibu. Ila pointi 20 haziletwi na mwendo wala na mtu mmoja kukosekana, hizo zimeletwa na woga, miguu ilikuwa mizito, ukiangalia marudio unawaona vijana wanaanza kuangalia ubao wa matokeo kabla hata dakika kumi za kipindi cha pili hazijafika. Walijua wanachokwenda kuwa. Kila shuti lililogonga chuma lilikuwa linawakumbusha. Na hapo hakuna mchoro wa kocha utakaosaidia, labda kama mmeshawahi kufanya mazoezi ya kukimbiza mechi, na wao hawakuwa na haja ya kuyafanya mwaka mzima.

Baada ya filimbi Bennett akaenda mbele ya waandishi, na mi hapo ndipo naanza kumsoma kama mwalimu. Hakutaja mkono wa Hunter kama kisingizio. Alisema wamezidiwa kabisa, akawapongeza UMBC, akakumbusha kwamba wiki iliyotangulia walikuwa wanakata nyavu za ring, desturi ya mabingwa, na makaratasi ya sherehe yanawaangukia, na sasa wameweka historia ya kuwa namba 1 wa kwanza kufungwa, na kwamba ukikubali kuingia uwanjani kushindana lazima ukubali na hii inaweza kukupata. Alisema inauma. Basi. Hakuna mchezaji aliyetupiwa mzigo. Mtu anaweza akasema hayo ni maneno tu ya mbele ya kamera, sawa, lakini wachezaji wanasikia. Kijana aliyekosa mashuti akiwa anasikia bosi wake anabeba, anajua kesho anaweza kurudi mazoezini akiwa bado ni mtu.

Na vijana waliumia kweli. Kyle Guy, gadi wao mshutaji, wiki chache baadaye aliandika hadharani kuhusu wasiwasi unaomsumbua, jambo ambalo mwaka 2018 mwanamichezo wa kiume wa chuo kulisema kwa jina lake lilihitaji moyo. Halafu akafanya kitu ambacho wengine walishangaa, ile picha yake akiwa ameinama mikono magotini baada ya mechi akaiweka kwenye simu yake, aione kila siku. Kwa mchezaji mwingine hiyo ingekuwa sumu. Kwake ilifanya kazi kwasababu timu nzima ilishakubaliana kwamba hili jambo linazungumzwa.

Hapa ndipo uamuzi mkubwa wa kocha ulipo. Mke wake Laurel alimwonyesha hotuba ya msimulizi mmoja wa visa ambaye ujumbe wake ulikuwa kwamba ukijua kuyatumia vizuri, matatizo yanakukatia tiketi ya kufika mahali ambapo usingeweza kufika kwa njia nyingine. Bennett akawaonyesha wachezaji wake, na sentensi hiyo ikawa lugha ya timu msimu mzima. Wengi wanachukua hiyo sentensi na kuibandika ukutani kwao, ila angalia kilichopo chini yake: kocha amewaruhusu vijana kulitaja jina la UMBC. Ukiwa kocha uliyepigwa hivyo, kitu rahisi ni kusema tumeshafunga ukurasa, marufuku kuongelea. Matokeo yake kila mwandishi akiuliza vijana wanaganda, na wakiachwa nyuma tena pointi 10 wanagandia hapohapo. Bennett alijua swali litaulizwa kila mji watakaokwenda, kwahiyo akawazoesha jibu mapema, mpaka likawa jibu la kawaida lisilotetemesha sauti.

Pia tangu zamani alikuwa na nguzo zake tano za kujenga timu, unyenyekevu, moyo wa kujituma, umoja, utumishi na shukrani. Kwa muda mrefu nilizichukulia kama maneno ya kubandika mlangoni, makocha wengi wanayo ya aina hiyo. Kinachonifanya nizipe uzito kwenye kisa hiki ni Septemba 2019, bingwa wa nchi, anapewa nyongeza ya mshahara, akaikataa, akaomba pesa zielekezwe kwa wasaidizi wake na mipango ya timu, na yeye na mkewe wakaahidi dola 500,000 kwa ajili ya programu ya kuwaandaa wachezaji kwa maisha ya kazi. Mtu anayefanya hivyo akikwambia utumishi mwezi wa pili wa msimu unamsikiliza.

Sasa uwanjani. Paki-laini haikuguswa. Presha ya kuibadilisha ilikuwepo, na kocha asiyejiamini angekuja msimu uliofuata na timu inayokimbia huku na kule ili watu waone kajifunza. Alichokifanya ni kuongeza kwenye ofensi. Virginia walikuwa wanajulikana kwa mfumo wa watu wawili wazuiaji na watatu wanaozunguka kwenye skrini zao (skrini ni kusimama kumziba mlinzi ili mwenzako apite), mzuri sana kwa washutaji kama Guy, ila unategemea mlinzi akosee. Msimu wa 2018-19 wakatumia zaidi mfumo wa skrini kwa mwenye mpira, mfululizo, upande mmoja ikishindikana inageuzwa upande wa pili, na mpira ukawa mikononi mwa Ty Jerome anayesoma mchezo kuliko umri wake na Hunter aliyepona. Hiyo ndo ile gia iliyokosekana Charlotte. Mwendo uliendelea kuwa wa taratibu kabisa, wala hawakuona aibu.

Mtihani ukaja mapema kuliko kila mtu alivyotaka. Machi 2019, Columbia, South Carolina, Virginia namba 1 tena, namba 16 ni Gardner-Webb, na kipindi cha kwanza wakaachwa pointi 14. Jamani. Hafu taimu Gardner-Webb 36, Virginia 30. Kama unataka kujua mwaka mzima wa kazi ya kocha ulizaa nini, angalia kipindi cha pili cha mechi hiyo, usianzie fainali. Hawakushuti ovyo. Walirudi ndani, Mamadi Diakite, yule kijana wa Guinea, na Hunter wakatawala chini ya ring, wakashinda 71-56. Kwangu hiyo ndiyo mechi muhimu kuliko zote kwenye kisa hiki kwasababu ni hali ileile, namba zilezile mgongoni, na safari hii walikuwa na la kufanya.

Baada ya hapo wakawapiga Oklahoma 63-51, Oregon 53-49, twende.

Mechi na Purdue, ya kwenda nne bora, ilikuwa kitu kingine. Carsen Edwards wa Purdue aliwafunga pointi 42, na mashuti kumi ya pointi tatu. Virginia wako nyuma kwa mbili, sekunde kama sita, Jerome anakosa mtupo huru, Diakite anaugonga mpira unarudi mpaka nusu yao, Kihei Clark wa mwaka wa kwanza anaufukuza, na badala ya kurusha la kubahatisha anapiga pasi ndefu ya moja kwa moja kwa Diakite, Diakite anashuti, king'ora, 70-70. Muda wa nyongeza, 80-75. Kwenye nusu fainali na Auburn waliachia uongozi wa pointi 10 dakika za mwisho, Guy akafanyiwa fauli akishuti tatu zikiwa zimebaki sekunde 0.6, timu iko nyuma kwa mbili, mitupo huru mitatu, uwanja mzima wa Minneapolis unapiga kelele, akaingiza yote. 63-62. Na fainali tarehe 8 Aprili 2019 dhidi ya Texas Tech nayo ikaenda muda wa nyongeza baada ya Hunter kusawazisha kwa tatu, 85-77, Hunter 27, Guy 24 na mchezaji bora wa nne bora.

Lazima niseme wazi kuhusu bahati. Kwenye mechi ya Auburn, Jerome alidribo mara mbili, yaani aliushika mpira akaanza kuudundisha tena, ambalo ni kosa, kwenye shambulizi lile la mwisho na refa hakupuliza, picha ipo, kila mtu kaiona. Ule mpira wa Diakite ungeweza kuruka popote. Mitupo mitatu ya Guy ikikosa mmoja, leo hakuna anayeandika kuhusu tiketi na matatizo. Kwahiyo ubingwa siutumii kama ushahidi kwamba kocha alikuwa sahihi. Ushahidi wangu ni jinsi vijana walivyoonekana kwenye zile dakika, Clark hakuharakisha, Guy hakutetemeka, na Guy huyuhuyu ndiye aliyekuwa ameinama kwenye ile picha. Wangeweza kupoteza dhidi ya Purdue na bado ningeandika kwamba kocha alifanya kazi nzuri.

Kuna kitu kingine ambacho hakizungumzwi sana. Guy, Jerome na Hunter waliingia pamoja Virginia mwaka 2016. Baada ya UMBC wote watatu walirudi. Enzi zile ukihama chuo ulikuwa kwa kawaida unakaa nje mwaka mzima bila kucheza, sheria hiyo ililegezwa 2021, mwaka uleule wachezaji waliporuhusiwa kulipwa kwa majina na sura zao. Mi nafurahi vijana wanalipwa, walikuwa wananyonywa, hilo halina mjadala. Ila jiulize kipigo kama kile kikitokea sasa, wiki inayofuata wangapi wangebaki? Kazi aliyoifanya Bennett ilihitaji kundi lilelile lirudi kwenye kidonda kilekile. Oktoba 2024, wiki chache kabla ya msimu kuanza, alistaafu, akasema yeye siye mtu anayefaa kwa mazingira haya mapya. Wapo waliosema kawaacha vijana njiani, na muda aliochagua kwakweli ulikuwa mbaya kwa wachezaji waliosaini kwa ajili yake, hapo simtetei. Miezi michache baadaye, Machi 2025, Virginia wakamwajiri Ryan Odom, ndiyo, huyohuyo wa UMBC.

Lakini hoja yangu ya kuhama ina mtu anayeipinga na ni haki nimtaje. Machi 2023 Purdue, namba 1, walipigwa 63-58 na Fairleigh Dickinson, kipigo cha pili cha aina hiyo kwa wanaume, tena sheria mpya za kuhama zikiwa zinafanya kazi tayari. Kocha Matt Painter alikuwa na kila sababu ya kuona timu inasambaratika. Zach Edey, mchezaji bora wa nchi, alijaribu NBA akarudi chuoni. Braden Smith na Fletcher Loyer, waliokuwa mwaka wa kwanza usiku ule, walirudi. Aprili 2024 wakafika fainali, wakafungwa na UConn 75-60. Kwahiyo inawezekana bado, na ningependa sana kujua Painter aliwaambia nini wale vijana wiki ya kwanza baada ya Fairleigh Dickinson, kabla hata hajafungua ubao wa mbinu.